Kimya cha Taizé, kelele za Bukavu

Nilipopewa dakika tano za ushuhuda Jumapili ya mwisho ya Oktoba, niliwaeleza washarika habari za kijiko. Niliwaambia kwamba kule Taizé, Ufaransa, mtu hupewa sahani, bakuli na kijiko, basi. Uma hakuna, kisu hakuna, hata siku ya viazi vizima, na chai inanywewa kwenye bakuli. Watu walicheka, mchungaji akasema amina, nikarudi zangu kwenye kwaya. Tukiwa njiani kurudi nyumbani mama akaniuliza: miezi mitatu yote hiyo, na nauli tukakuchangia, ndiyo hayo tu?

Hayakuwa hayo tu. Ila yaliyobaki yalimhusu mzee mmoja wa kanisa aliyekuwa ameketi mstari wa mbele, tena kaka yangu wa tumbo moja. Juzi nimemwomba ruhusa niandike. Akasema andika, ila kijiji usikitaje. Basi jueni tu kwamba ni huku kwetu Kilimanjaro, juu kidogo ya barabara ya lami.

Habari za Taizé nilizisikia kwanza kwa mwalimu wetu wa kwaya. Mwaka 2008 mabruda wa kule waliwaalika vijana kukutana Nairobi, naye alikuwepo, na tangu hapo hukumchosha kwa kumuuliza. Ni kijiji kidogo cha Burgundy, karibu na mji wa Cluny. Mwaka 1940 kijana wa Kiswisi wa miaka ishirini na mitano, Roger Schutz, alifika hapo kwa baiskeli kutoka Geneva, akanunua nyumba, akawa anawaficha wakimbizi wa vita, Wayahudi wakiwemo. Baadaye wengine walijiunga naye, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, wakawa jumuiya ya mabruda. Siku hizi kila kiangazi vijana wanamiminika kwa maelfu, na wachache kutoka mabara mengine wanaalikwa wakae miezi kadhaa kama wa kujitolea. Mwaka 2024 nikawa mmoja wao.

Wazee wa usharika waliponichangia walikuwa na hesabu yao. Nirudi na mfadhili, kanisa letu linavuja upande wa sakristia. Siku ya tatu kule nikaambiwa kwamba mabruda hawapokei misaada kwa ajili yao wenyewe, hata urithi wa wazazi wao hawauchukui. Wanafinyanga vyombo na kuandika vitabu, wanauza, wanakula. Nikaona bati letu linapeperuka mbele ya macho yangu.

Hela nayo ilinitoka kama maji kwenye pakacha. Viza nilikuwa nimeipangia yuro 80. Mwezi Juni ikapanda ikawa 90. Paris nilifika tarehe 22 Julai, siku nne kabla ya Olimpiki kufunguliwa, na tiketi ya metro, iliyokuwa yuro 2.15 hadi Ijumaa iliyopita, ilikuwa imegeuka 4. Hiyo ni zaidi ya shilingi elfu kumi kukaa chini ya ardhi kwa dakika kumi na tano, nimesimama. Kwa hela hiyo mtu anatoka Moshi, anafika Arusha, anarudi, na dirishani anauona mlima bure. Halafu stesheni nikalipa tena ili nikojoe. Nilikaa kwenye treni ya kwenda Mâcon nikiwa nimefunga midomo, naogopa hata kupumua nisije nikadaiwa.

Kazi ilikuwa kazi. Kuosha masufuria ambayo mtu mzima anaweza kuingia akajificha, kugawa mkate asubuhi na vipande viwili vya chokoleti kwa kila mtu, kusafisha vyoo, kupokea mabasi ya Wajerumani siku ya Jumapili. Tulilala wanne chumbani, Mpolandi, Mkolombia, Mwindonesia na mimi, na lugha yetu ya pamoja ilikuwa Kiingereza kibovu na kukoroma. Dengu kila baada ya siku mbili, pilipili hakuna. Wiki zilipita hivyo, sina la kusimulia.

Kilichonishinda ni sala yenyewe. Mara tatu kwa siku kengele zinalia, watu wote wanaacha walichoshika, wanaingia kanisani, wanakaa chini kwenye zulia. Viti ni vichache, vya wazee. Nyimbo ni fupi, mstari mmoja au miwili, zinarudiwa mpaka ulimi uzoee Kilatini au Kihispania. Somo fupi. Mahubiri hakuna. Halafu, katikati, kimya. Siyo kimya cha mchungaji kutafuta miwani. Ni dakika kama nane, watu elfu mbili na zaidi, unasikia nzi.

Kwetu sala isiyo na maneno ni ya mtu aliyesinzia. Nimekulia kwenye mikesha. Naweza kusali nusu saa bila kurudia sentensi, na nikiambiwa nitoe neno la shukrani watu wanaanza kuangalia saa. Pale kwenye zulia, dakika ya kwanza nilisali. Ya pili maneno yakaisha. Ya tatu miguu ikafa ganzi. Ya nne kaka yangu akaingia, ameshika panga, nyuma yake masale yamelala chini na mizizi yake. Kila sala, kila siku, kaka huyohuyo.

Kwa asiyejua mambo yetu: masale ni mimea ya majani marefu tunayoipanda kwenye mipaka ya vihamba, yaani mashamba yetu ya nyumbani. Ndiyo uzio, ndiyo hati, ndiyo mahakama. Na mtu akimkosea mwenzake, humpelekea jani la isale kuomba msamaha, na aliyeletewa isale hakatai. Akikataa, ukoo mzima unamshangaa. Baba alifariki mwaka 2019. Miaka miwili baadaye nilitoka mjini Moshi nikakuta mstari wa masale umehamia upande wangu, hatua moja na nusu, migomba yangu mitatu imekuwa ya kaka. Yeye anasema baba alimwonyesha mpaka kabla hajafa. Mimi nasema baba alinionyesha mimi. Mwenye kosa ndiye huleta isale, na kwenye kihamba chetu hakukuwa na mwenye kosa. Miaka mitatu hatukusalimiana. Kila Jumapili mimi niko kwenye kwaya naimba amani, yeye yuko mbele yangu na kapu la sadaka, nami nimejifunza kutumbukiza noti bila kumwangalia usoni.

Wiki ya pili nilipewa zamu ya mlangoni. Kazi ni kusimama dakika kumi kabla ya sala na kibao kilichoandikwa ombi la kimya kwa lugha kadhaa, na kuwaonyesha vijana wanaoingia wakipiga soga. Nikakiangalia kile kibao: Kifaransa, Kijerumani, Kiitalia, Kipolandi na nyingine. Nikamwendea bruda mmoja, nikamwomba niongeze lugha moja. Akacheka, akanipa kalamu ya wino mzito. Chini kabisa nikaandika kwa herufi kubwa: KIMYA. Nilijisikia kama nimesimika bendera.

Siku tatu hakuna aliyelisoma. Siku ya nne, kengele zimeshanyamaza, umati unaingia kwa miguu laini, nikasikia sauti.

"Kimya! Yesu! Ni nani aliandika hii?"

Alikuwa mama wa makamo, kitenge cha njano, kilemba, pochi kubwa, amekuja na kundi la parokia yao kutoka Lyon. Amesimama katikati ya mlango, mkono kifuani, watu wanagawanyika kushoto na kulia kama maji kwenye jiwe.

Nikanong'ona: "Ni mimi, mama. Shikamoo."

"Nishike nini, mutoto yangu?"

Na hapo akapiga kigelegele. Kigelegele kamili, cha harusini. Wasichana wa Kijerumani wakaruka. Mzee mmoja Mfaransa akaangusha miwani. Mimi nimenyanyua kibao mbele ya uso wake kama refa mwenye kadi nyekundu, nanyoosha kidole kwenye neno lilelile nililoliandika kwa mkono wangu, naye kila akilisoma tena ndiyo furaha inapanda. "Eh! Kimya! Uko wa wapi? Tanzania? Mie wa Bukavu, Kongo!" Bruda aliyenipa kalamu akapita na joho lake jeupe, akainamisha kichwa haraka, na mabega yake nayaona yanatikisika.

Mama akaniminya mkono, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini, "Kisha sala, usikimbie," akaingia.

Siku hiyo kwenye kimya kaka hakupata nafasi. Nilikuwa nimejiziba mdomo kwa shati, machozi yananitoka kwa kicheko, na kutoka mistari kama sita nyuma yangu nikamsikia mama naye anahangaika na pumzi. Sijui kama ile ilikuwa sala. Ilikuwa mara ya kwanza dakika nane kuisha kabla sijatamani ziishe.

Usiku vijana hukusanyika sehemu inayoitwa Oyak, pana kibanda cha vinywaji. Nikamkuta mama amekwisha kukalia benchi lote, akaninunulia soda, nikashukuru Mungu kwa sababu nilishaanza kuhesabu senti. Aliongea kama mtu aliyefunguliwa bomba. Miaka kumi na tisa Lyon. Watoto wanaelewa Kiswahili wakigombezwa tu. Kiswahili chake, alisema, "kinalala, kinaota kutu". Kumbe ndiyo maana ya kelele zote zile. Cheko langu la adhuhuri likanikaa vibaya kidogo tumboni. Kule kwetu naamka na lugha yangu, nalala nayo, na kuna mtu mmoja nimemnyima miaka mitatu makusudi.

Sikukusudia kumwambia. Lakini akauliza kama nina ndugu, nikasema nina kaka, na nadhani nililisema vibaya, kwa sababu aliweka chupa chini akangoja. Nikamwaga yote: panga, masale, migomba mitatu, kapu la sadaka. Nilitegemea mstari wa Biblia. Yeye akaniangalia kama mtu anayemwangalia mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Mukubwa yako hana telefone?"

"Anayo."

"Basi?"

Nikaanza kumweleza utaratibu wa isale, kwamba haliendi kwa simu, kwamba mwenye kosa ndiye huanza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema kwao vita vimewachukua ndugu zake wawili na namba zao bado anazo kwenye simu, hajazifuta. Halafu akaomba nimsindikize kwenye basi maana hajui njia gizani. Sikumwona tena.

Sikupiga simu. Nisidanganye. Wiki ilipita na zaidi, nikawa na visingizio vya bando na tofauti ya saa, ingawa tofauti ilikuwa saa moja tu.

Kanisa kubwa la pale linaitwa Kanisa la Upatanisho. Nilikuwa nimelipita mara mia nikidhani ni jina tu, kama sisi tunavyoita shule Amani na wanafunzi wanapigana. Kumbe walilijenga vijana wa Kijerumani waliokuja kujitolea baada ya vita, kama toba ya taifa lao, kwenye ardhi ambayo jeshi la taifa hilo liliikanyaga. Lilifunguliwa mwaka 1962. Na nikajifunza kwamba vita vilipoisha, Bruda Roger na wenzake wachache waliwakaribisha Jumapili wafungwa wa Kijerumani waliokuwa kambini karibu na hapo. Yaani mtu aliyewaficha waliowindwa akawakaribisha waliokuwa wanawinda, na hakungoja waje na jani.

Tarehe 16 Agosti iliangukia Ijumaa. Siku kama hiyo mwaka 2005, katika sala ya jioni, kanisani humohumo, mbele ya watu wapatao elfu mbili na mia tano, Bruda Roger alichomwa kisu na mwanamke mgonjwa wa akili, akafa. Alikuwa na miaka tisini. Kwenye maziko Bruda Alois, aliyeshika nafasi yake, alimwombea yule mwanamke msamaha kwa Mungu mbele ya umati. Nilikwenda kaburini mchana, kwenye kanisa dogo la zamani la kijiji: msalaba wa mbao, jina, maua. Fundi seremala wa kwetu angeona aibu kutengeneza kitu kidogo hivyo kwa mtu mkubwa hivyo.

Ijumaa usiku msalaba hulazwa chini katikati ya kanisa, na mwenye mzigo huenda kwa magoti, anaweka paji la uso juu ya mbao. Nilikaa kwenye foleni ya magoti karibu saa nzima. Zulia lile halina huruma na magoti ya mtu wa mlimani. Nilipofika nilikuwa sina hotuba tena. Niliweka paji la uso, nikaondoka.

Nje, nyuma ya mabweni, palikuwa na mmea fulani wa majani marefu membamba, jina silijui. Nikachuma jani moja, nikalifunga fundo kama babu alivyotufundisha, nikaliweka kwenye kiganja, nikalipiga picha kwa mwanga wa taa ya choo, nikamtumia kaka kwa WhatsApp. Sikuandika neno.

Alama mbili za bluu zilitokea asubuhi. Jibu halikuja siku hiyo, wala kesho yake. Jumatatu, nikiwa nakausha masufuria, simu ikatetemeka mfukoni.

"Hilo siyo isale."

Nilikaa na ujumbe ule nikausoma kila namna: kwa sauti ya hasira, kwa sauti ya baba, kwa sauti ya mzee wa kanisa. Nilikuwa bado nasoma ukaja wa pili.

"Huko mnakula nini?"

Nikaweka kitambaa begani, nikatoka, nikakaa kwenye ngazi za jikoni. Nikamwandikia habari za kijiko. Nikamweleza viazi vizima na jinsi ya kuvikata bila kisu, chai ya bakuli, dengu, vipande viwili vya chokoleti asubuhi, na kwamba kahawa ya kwetu hawaijui kabisa. Nikaandika mpaka chaji ikaisha.