Sevu moja, watu saba, na Shaka jirani

Mtu akikuambia kamaliza Civ (Civilization, gemu la kompyuta la kujenga taifa lako na kushindana na mengine) kwenye ugumu wa levo ya King bado hujajua chochote kuhusu huyo mtu, maana hujui alianzia wapi. Labda alidondoshwa pembeni ya mto, dhahabu kushoto, ngano kulia, jirani mpole hana shida na mtu. We ulianza jangwani na barbarian, wale washenzi wasio na taifa, wanakugongea mlango kabla hata hujajenga kitu. Hizi gemu za zamu kwa zamu ramani inachanganywa upya kila ukianza, kwa hiyo kila mtu anatembea na kisingizio chake mfukoni, na ubishi wa kijiweni hauishi hata mkikesha.

Sisi dawa yake tumeipata kwenye sevu moja. Mtu mmoja anaanzisha gemu, hachezi hata zamu moja, anasevu hapo hapo zamu ya sifuri na kuitupa kwenye grupu la wasap. Kila mtu anaidondosha kwenye folda yake ya Saves na anacheza peke yake kwake, kwa muda wake, halafu tunaleta ripoti. Ramani ile ile, kiongozi yule yule, majirani wale wale. Faili lenyewe ni dogo, linatumwa kama dokumenti, yaani hata bando la kuunga unga linatosha. Hii kitu hatujaibuni sisi, wachezaji wa Civ huko duniani wanafanya hivi tangu enzi za Civ III ya 2001, ila sisi tumeifanya ya Kimwanza mwanza, utaona.

Tunacheza Civ V, ile ya 2010, na nyongeza zake zote mpaka Brave New World ya 2013. Najua ya saba imetoka 2025, asanteni kwa taarifa. Laptop zetu nyingi ni za mtumba zilizoingia mjini na betri zimeshakufa, na Civ V inakubali hata mashine ya RAM ya GB 2. Angalizo moja tu kwa wanaotaka kuanza: wote muwe na nyongeza zinazofanana, la sivyo sevu haifunguki kwa wengine, na hapo mtapoteza wiki nzima mnatumiana skrinshoti za eror badala ya kucheza.

Sasa sevu ya mwezi huu ndo imeniamsha kuandika. Kiongozi ni Haile Selassie wa Ethiopia. Sifa yake kwenye gemu inaitwa Spirit of Adwa, imetokana na ile vita ya 1896 Waethiopia walipowachapa Waitaliano, na inafanya kazi hivi: ukipigana na mtu mwenye miji mingi kuliko wewe, askari wako wanaongezewa nguvu asilimia 20. Na badala ya jengo la kawaida la Monument anajenga Stele, inayotoa imani (pointi za kuanzishia dini) 2 kila zamu, kwa hiyo dini inakuja mapema. Zamu ya sifuri mlowezi, yule anayejenga mji, amesimama juu ya kilima, mto unapita chini yake, pazuri tu. Askari yuko pembeni. Wengi wetu tunajenga mji hapo hapo bila kufikiria mara mbili.

Ila ukimtanguliza askari kabla ya kumgusa mlowezi, ukampandisha kilima cha pili, inakuja meseji ya ugunduzi wa maajabu ya asili. Ziwa Victoria!

Aisee. Vois noti zilizoingia grupuni usiku ule sizielezi. Watu wa Kirumba, wa Igoma, wa Nyegezi, watu wanaoamka na hilo ziwa dirishani, wanapiga kelele kwa sababu wameliona kwenye laptop. Halafu ukiliangalia vizuri unacheka, ziwa la kilomita za mraba elfu 68 na ushee, linalogawanywa na nchi tatu, humo ndani ni boksi moja ya pembe sita kati ya zile zinazounda ramani. Moja! Feri ya Kamanga isingepata hata pa kugeuzia. Ila boksi hiyo inatoa chakula 6, wakati majani ya kawaida yanatoa 2, na raia mmoja anakula 2. Maana yake mtu mmoja ukimweka ziwani anajilisha mwenyewe na wengine wawili juu. Waliotengeneza gemu sijui kama waliwahi kufika Mwaloni pale Kirumba asubuhi wakaona dagaa na sangara wanavyoshushwa, ila hesabu yao wameipatia.

Tatizo, ziwa liko boksi tano kutoka pale mlowezi aliposimama, na mji unafanya kazi boksi tatu tu kuzunguka. Ukijenga kilimani hulifikii. Ukilifuata unapoteza zamu, unapoteza kilima na unapoteza mto. Na kuna kitu kingine, upande wa pili wa ziwa yupo Shaka wa Wazulu, na kila mtu aliyecheza hii gemu anajua Shaka ni jirani wa namna gani, ni wa vita tu.

Hapo ndo utamu wa sevu moja ulipo. Ungekuwa unacheza peke yako ungeamua, ungeendelea, usingejua njia ile nyingine ingekupeleka wapi. Huku njia zote zinachezwa, na watu unaowajua tabia zao.

Teacha, huyu anafundisha jografia sekondari, yeye siku zote anatanguliza askari, hajawahi kujenga bila kuangalia. Kaliona ziwa, kamng'oa mlowezi na kutembea naye mpaka ufukweni, makao makuu yake yakawa pale. Mji ukavimba balaa. Wasomi wanatoka kwenye idadi ya watu, kwa hiyo kwenye sayansi akatuacha mbali mapema sana. Ila pale ufukweni ni tambarare tupu, hana vilima, hana nyundo za kujengea. Mdomo mwingi, mikono michache. Kila jengo la ajabu aliloanza kujenga, ambalo dunia nzima linajengwa moja tu, mwingine alimaliza kabla yake, na Shaka alipokuja na wale Impi, askari wake wanaorusha mkuki kwanza kabla ya kukufikia, Teacha alikuwa na mji mkubwa kuliko wote na askari wa kuhesabu kwa vidole. Mji wake wa pili ukaenda. Makao makuu yalipona kwa sababu ziwa lenyewe liliziba upande mmoja, adui hawezi kusimama humo.

Da Neema yeye ni mtu wa mahesabu kazini na gemu anaicheza hivyo hivyo. Kajenga hapo hapo kilimani zamu ya sifuri, ziwa kaliona baadaye. Wala hakushtuka. Akapanga mji wa pili uje kulichukua, lakini alitaka amalize kwanza ghala na skauti wa pili, na mlowezi wake alipofika akakuta bendera ya Shaka imeshapandwa. Kwenye ripoti kaandika sentensi moja tu kuhusu hilo, "ziwa limechukuliwa, tunaendelea," na kweli akaendelea, akajenga miji minne kusini, akafanya urafiki na Mombasa, ambao kwenye hii gemu ni mji huru wa baharini na unawatumia marafiki zake chakula. Yaani kalikosa ziwa la kwao akalishwa na watu wa pwani. Alishinda kwa sayansi kabla ya Teacha mwenye ziwa lake, na mpaka leo hajajisifu, na hiyo inauma zaidi kuliko angejisifu.

Halafu Ngosha. Ngosha aliliona ziwa mapema kabisa na hakupeleka mtu. Tukamuuliza, akajibu, "Kwa nini nijenge wakati Shaka ananijengea?" Akabaki na mji mmoja na rundo la askari, akamwacha Shaka ajenge pale, aweke ghala, watu waongezeke, kisha akavamia. Shaka ana miji mitano, Ngosha ana mmoja, Adwa hiyo inapiga kazi, asilimia 20 kila pambano. Vijiji vingine vya Wazulu alivyoviteka alivichoma ili hesabu ya miji yake isipande akapoteza ile nguvu. Hii akili mimi isingenijia hata ningepewa mwezi mwingine. Bei yake aliilipa lakini, viongozi wengine wote wakamwona mchokozi, hakuna wa kufanya naye biashara, akamaliza gemu amenuniwa na dunia nzima, ana furaha zake.

Mimi nilikaa katikati. Kilimani kwanza, halafu nikakimbiza mlowezi ziwani kabla ya ghala, kabla ya kila kitu. Imani ya Stele ilipotimia nikachukua lile fundisho la dini la One with Nature, linalompa anayefanya kazi kwenye ajabu la asili imani 4. Boksi moja chakula 6 na imani 4. Nilikuwa naifungua hiyo skrini ya mji naiangalia tu.

Kuhusu wizi sasa, maana najua swali linakuja. Ndiyo, mtu anaweza kurilodi. Kapigana kashindwa, anafungua sevu ya nyuma, anajaribu tena, hakuna refa. Ukiacha ile alama ya New Random Seed bila kutiki pambano lile lile litarudia matokeo yale yale, ila mjanja atabadilisha mpangilio tu. Kinachotusaidia ni maswali ya grupu. Kuna jamaa, simtaji, mji wake wa pili aliuweka mahali pa ajabu kabisa, porini, hakuna kitu, na zamu chache baadaye farasi wakatokea chini ya mji ule. Da Neema akauliza taratibu, "Ulijuaje kuna farasi na ulikuwa hujasoma Animal Husbandry?" Hiyo ndiyo elimu ya ufugaji inayofanya farasi waonekane kwenye ramani. Jamaa akasema alibahatisha. Grupu likawa kimya saa nzima, halafu mtu akatupia emoji ya farasi. Mpaka leo akiandika chochote, hata akisalimia mwangaluka asubuhi, anajibiwa na farasi.

Ishu yenye ubishi wa kweli ni umeme. Civ V yenyewe inajisevu kila baada ya zamu 10, na laptop isiyo na betri umeme ukikata katikati ya vita umerudishwa nyuma zamu tisa, na sasa unajua Shaka anatokea wapi. Hiyo ni kurilodi au siyo? Teacha anasema ni kurilodi, haijalishi nani kazima. Ngosha anasema kudra ya Mungu haihesabiki. Tuliishia kukubaliana kila mtu abadilishe seting ijisevu kila zamu moja, na ukikatikiwa uandike kwenye ripoti saa ngapi, maana wengine tuko mtaa mmoja na tunajua umeme ulikata au haukukata.

Tulishajaribu kucheza live, sote kwa pamoja kwenye mtandao. Haiwezekani. Mmoja yuko zamu ya usiku, mwingine mtoto kaamka, mmoja yuko Sengerema netiweki inamcheza shere, mnamsubiri abonyeze Next Turn mpaka mnalala. Sevu moja haimsubiri mtu. Ripoti ya zamu ya 50, ya 100, ya 150 na ya mwisho, na sheria kali ni moja, usifungue ripoti ya mwenzio ya zamu ambayo hujafika, maana mtu akishakuambia ziwa liko kaskazini huwezi tena kujifanya hujui.

Mwezi ujao anayeandaa ni Da Neema. Kasema ni Songhai, Askia, levo ya Emperor, na kakataa kusema aina ya ramani. Ngosha ameshaanza kuuliza kama kuna Kilimanjaro, maana askari wanaopita pembeni yake wanapata mbio za milimani maisha yao yote. Kajibiwa, "Utatembea utaona."