Tovuti ya bei za unga: maoni yameanza kufika

Yamefika! Jana jioni maoni ya mama muuzaji mmoja wa soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, yaliingia kamili, pamoja na jina la ukurasa aliokuwa akiusoma, na yalitoka kwenye simu ileile iliyokuwa imetushinda.

Tatizo lilikuwa hili. Watu niliowapa anwani ya majaribio, wanunuzi na wauzaji, walikuwa wananiambia uso kwa uso: "Nilituma, yaya." Nikifungua hifadhidata, hakuna kitu. Si wote. Wenye Chrome maoni yao yalikuwa yanaingia bila shida, na hicho ndicho kilichoniumiza kichwa, maana kila nilipojaribu kwa simu yangu mambo yalikwenda sawa. Fomu yenyewe iliundwa kwa ajili ya mtandao wetu unaokatika: maneno yanahifadhiwa kwanza ndani ya simu, halafu skripti, programu ndogo iliyo ndani ya ukurasa, inayatuma koneksyo ikirudi. Kwa Lubumbashi nilidhani hakuna dawa bora kuliko hiyo.

Jibu lilikuwa kwenye rejesta ya seva, inayoandika kila ombi linalofika. Simu zile zilikuwa zinaomba ukurasa, seva inawapa, kisha kimya. Hakuna POST hata moja, yaani ombi la kutuma fomu. Zote zilikuwa zinatumia kivinjari chepesi cha kubana mega, cha aina ambayo ukurasa hupikwa kwanza kwenye seva za mbali, ukabanwa, ndipo ukaletwa kwenye simu kama kitu kilichokwisha kuiva. Skripti hukimbia huko kwa muda mfupi tu, kisha inasimamishwa. Hakuna kinachobaki ndani ya simu cha kungojea koneksyo. Mama anabonyeza "Tuma", maandishi yanatoweka machoni pake, anaamini yamekwenda. Na wanaotumia kivinjari hicho ndio hasa ninaowatengenezea tovuti hii, watu wanaohesabu kila mega.

Sasa fomu ni HTML tupu, lugha ya msingi ya kurasa za tovuti, bila skripti hata mstari mmoja. Seva ikipokea inajibu kwa 303, namba inayoambia kivinjari kiende ukurasa mwingine, na kumpeleka mtu kwenye ukurasa unaomwonyesha maneno yake mwenyewe, chini yake neno "Yamefika". Ile 303 msiiache: bila hiyo, mtu akipakia ukurasa upya maoni yanaweza kuingia mara mbili. Nitasema wazi, mimi sioni tena sababu ya kuweka maktaba nzito ya JavaScript kwenye fomu yenye kisanduku kimoja. Kivinjari kinajua kutuma fomu tangu zamani.

Upande wa kuficha tovuti kabla ya kuifungua rasmi, nimeweka neno la siri moja kwa wajaribuji wote. Robots.txt, faili la kuambia mashine za kutafuta zisisome kurasa, peke yake haitoshi. Inamzuia Google kusoma ukurasa, lakini anwani bado inaweza kutokea kwenye matokeo, na kwa kuwa hasomi, hata alama ya noindex, inayokataza ukurasa kuwekwa kwenye matokeo, haioni. Bei za majaribio zikivuja, mtu atazishika na kwenda kugombana na muuzaji. Sitaki.

Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba wajaribuji 5 wanatosha kufichua karibu asilimia 85 ya matatizo ya matumizi, lakini akaongeza kwamba makundi tofauti yapimwe kila moja kivyake. Hapo ninamuunga mkono kabisa. Mnunuzi wa Katuba, mtaa mwingine wa hapa, na muuzaji wa Kenya hawatafuti kitu kimoja.

Nilikuwa nimepanga baada ya fomu nishughulikie maoni kwa SMS. Nimeyaweka kando, kwa sababu kuna kitu kimenivuta: kiungo cha wa.me chenye jina la ukurasa tayari ndani ya ujumbe. Mtu anabonyeza, WhatsApp inafunguka, anatuma ujumbe huo, kisha anarekodi sauti. Nimekiweka usiku huohuo, na tofauti ni kubwa. Kwenye fomu wanaandika "iko muzuri sana", basi. Kwa sauti wanasema yote. Mama mmoja alinisomea ukurasa mzima kwa hasira: "Bei ya kilo ni ya nini? Bei ya meka iko wapi?" Meka ni chombo cha kupimia unga sokoni. Mwingine akauliza bei ilichukuliwa saa ngapi, maana dola ikipanda asubuhi, unga uliotoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia, hauuzwi jioni kwa franga zilezile.

Wana haki wote wawili. Saa ya bei imeshaingia kando ya kila namba. Meka ni kazi zaidi: kilo ni kilo popote, lakini meka inategemea chombo na mkono wa anayepima. Nimeazima mizani, nitapima meka za Kenya na za Katuba, kisha kila soko litakuwa na safu yake. Mpaka safu hiyo ijae, neno la siri linabaki.