Upepo wa Kobe

Juzi Tausi alitoka stoo na vumbi hadi kwenye kope, ameshika geji yangu ya zamani ya kupimia upepo wa matairi. Akaitikisa, ikalia chakachaka kama njuga. Akaiinamisha, mchanga mwembamba ukamwagika kiganjani mwake.

"Baba, huu mchanga wa wapi?"

Nikamwambia sikumbuki.

Ni wa ule mto, safari ya pili ya Kobe. Kobe alikuwa kempa yetu, gari la kusafiria na kulala: dizeli ya zamani, kitanda darini, jiko la gesi nyuma, nyumba nzima mgongoni. Wakati ule nilikuwa bado na ugonjwa wa kila mwenye kempa mpya, wa kuamini kwamba gari linalopita popote linaweza pia kubeba chochote. Lita 80 za maji ni kilo 80 kabla hujapakia hata kijiko. Weka betri ya pili, friji, mitungi miwili ya gesi, turubai la pembeni, viti, matairi mawili ya akiba juu ya keria. Springi za nyuma zilikuwa zimelala kabisa. Mimi nikasema zitazoea.

Siku ya tatu, jua likielekea kuzama, tukafika kwenye mto mkavu. Mchanga mtupu kutoka ukingo hadi ukingo, kama mita 100 hivi. Kanuni ya mchanga kila dereva wa porini anaijua: unasimama kabla ya kuingia, unapunguza upepo. Tairi likilegea linalala, linakanyaga kwa urefu, gari linapita juu ya mchanga badala ya kuuchimba. Mimi nikaingiza gia nzito nikashuka na upepo ule ule wa psi 45 kwenye geji niliotoka nao barabarani.

"Hupunguzi upepo?" mama Tausi akauliza.

"Mchanga mgumu huu."

Tulifika katikati.

Yaliyofuata niyapitie haraka, maana ni aibu tupu. Nilikanyaga mafuta, na mchangani hakuna kosa kubwa kuliko hilo. Nilichimba kwa koleo, nikatandika mazulia ya miguuni chini ya matairi, yakarushwa nyuma kama makaratasi. Nilimwaga nusu ya maji. Winchi ya kujivuta ninayo, mti wa kuifunga hakuna. Saa nzima hiyo, na Kobe anazidi kushuka, mpaka difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, ikakaa juu ya mchanga na magurudumu ya nyuma yakabaki kuzunguka bure.

Mama Tausi akanigusa bega, akanionyesha upande mto unakotoka. Juu yetu anga lilikuwa safi, nyota ya kwanza imeshatoka. Lakini kule mbali, chini kabisa ya upeo, umeme ulikuwa unamulika. Hakuna sauti. Unamulika, unazima. Mto wa namna ile hauhitaji mvua ikunyeshee wewe. Inyeshe tu huko juu, maji yatakukuta usiku umelala, tena yatakuja yamebeba magogo. Tausi alikuwa na mwaka na nusu. Alikuwa amelala kwenye kiti chake, mdomo wazi, kiatu kimoja kimemtoka.

"Baba Tausi," mama yake akasema, taratibu kabisa, "kwa nini hutaki kutoa upepo?"

"Tukiutoa tutajazia nini? Kompresa imeungua."

Aliniangalia. Hakuuliza imeungua lini. Akachukua geji mkononi mwangu, akapiga magoti kwenye tairi la nyuma la kushoto, akafungua kifuniko cha valvu na kukibana kwenye meno ili kisipotee.

Halafu ule mlio. Ssssss, mrefu, bila haraka. Sijui nieleze vipi. Kulikuwa kimya kiasi kwamba mlio ule ulijaza mto mzima. Upepo uliokuwa unatoka ulinuka mpira wa zamani, na ulikuwa wa baridi, nilipoweka mkono niliusikia. Alikuwa anatoa, anapima, anatoa tena. Mara moja geji ilimponyoka ikaanguka mchangani, akaipulizia, akaendelea. Nilibaki nimesimama na koleo langu. Tairi likaanza kufura ubavuni, tumbo linashuka, linashuka, na kwa mara ya kwanza tangu tukwame nikaona Kobe amekaa juu ya kitu. Kila umeme ulipomulika nilimwona usoni, kifuniko kinamchungulia katikati ya midomo. Cha tairi la kwanza, cha pili, cha tatu. Kufika la nne alikuwa ameshikilia vinne kwenye meno, hata kama angetaka kunitukana asingeweza.

"Kumi na nane," akasema alipovitema. "Yote. Chimba mbele ya magurudumu, usinyonge usukani, toka polepole."

Jaribio la kwanza hapana. La pili Kobe akatikisika, akapanda tuta lake mwenyewe, na tukavuka bila kusimama hadi jiwe la kwanza la ukingo wa pili. Kama maji yalikuja usiku ule, sijui. Hatukurudi kuangalia.

Kesho yake tulitambaa kilomita 60 za changarawe na upepo wa 18, mwendo wa kilomita 30 kwa saa. Ukikimbiza tairi lililolegea linapata moto hadi linapasuka, ukikata kona kwa ghafla linachomoka kwenye rimu. Tulipitwa na baiskeli. Mama Tausi hakusema neno, na nadhani ningependa zaidi kama angesema.

Sasa, kompresa. Haikuwa imeungua. Usiku wa kuamkia safari niliitoa ili ipatikane nafasi ya meza ya kukunja niliyoinunua wiki ile, meza ya mbao, nzuri kwelikweli, tukaitumia mara mbili. Ndiyo maana sikutaka kutoa upepo: kuutoa kulikuwa ni kukiri. Tuliporudi niliificha kompresa stoo chini ya boksi, nikanunua nyingine kana kwamba ya kwanza imekufa, na hiyo ya pili ikaondoka na Kobe tulipomuuza. Miaka tisa. Mara kadhaa nimetaka kusema. Kila mara naona limeshakuwa dogo mno kulisema, au kubwa mno, sijajua ni lipi.

Hayo nilikuwa nayawaza huku Tausi amesharudi stoo. Akatoka na kitu chekundu, kizito, nyaya zake zimesokotana, vibanio viwili vya betri vinaning'inia.

"Na hii?"

"Mbovu hiyo. Irudishe."

Hakurudisha. Ana miaka kumi na kitu, haambiwi kitu ni kibovu akakubali. Akafungua boneti ya gari dogo, akabana chekundu kwenye chanya, cheusi kwenye hasi, akabonyeza swichi.

Ikanguruma kama siku niliyoinunua.

"Baba! Mbona nzima?"

Dirisha la jikoni likafunguka.

"Nini hicho kinachonguruma?"

Tausi akanitazama mimi.