Kampa ya Hilux: maji yamekoma, na sasa nimehamia kwenye vumbi

Juzi usiku mvua ilipiga hapa Nkuhungu, Dodoma, kwa upepo mkali, ile inayolaza mahindi yote upande mmoja. Kulipokucha nikapanda kwenye kampa (chumba cha kulala kilicho nyuma ya Hilux yangu), nikapitisha kiganja kwenye ile pembe ya kushoto juu ya kitanda iliyokuwa ikivuja. Kavu! Nikabandua kipande cha dari nilichokuwa nimekishikiza kwa muda, nikapapasa mbao nyuma yake. Kavu nayo. Nimefurahi mno, acha niandike kabla sijasahau nilivyofanya.

Mengine yako vizuri. Paa linanyanyuka kwa mkono mmoja, turubai jipya la pembeni limeshonwa na fundi wa viti vya magari pale Majengo (anashona vizuri kuliko mashine za kiwandani, nyuzi zake hazijaachia hata pale turubai linapokunjwa), na shokapu nne za gesi zinabeba bila kulegea. Kilichonikwamisha ni pembe hiyo moja. Kila mvua, tone linaangukia palepale: mbele, kushoto, kwenye kitanda kinachokaa juu ya kabini. Plaiwudi ya pale ilikuwa imeoza kiasi kwamba bisibisi ilizama hadi mpini.

Kila fundi niliyemwita alikuwa na jibu moja.

"Kaka, hapa unahangaika bure. Tuongeze silikoni, maji yakate."

"Fundi, silikoni imejaa hapa hadi imekuwa kigingi. Maji bado yanapita."

"Basi tatizo ni kile kidirisha cha paa."

Kidirisha cha paa ndicho kinachosingiziwa kila mara kwa sababu ndilo tundu linaloonekana. Nilikitoa, nikakisafisha, nikakirudisha na mpira mpya. Mvua iliyofuata, tone palepale.

Niseme kuhusu silikoni kwa sababu imeharibu kampa nyingi kuliko ajali. Paa langu ni bati la alumini lenye urefu wa mita 2.4. Alumini hutanuka kama sehemu 23 kwa milioni za urefu wake kwa kila digrii moja ya joto. Dodoma tuko juu, karibu mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Usiku wa Julai unashuka hadi nyuzi 14 hivi, na jua la saa saba mchana linalipandisha bati hadi huwezi kuliwekea mkono. Piga hesabu ya tofauti ya nyuzi 45: paa linarefuka karibu milimita 2.5, kisha jioni linajirudi. Kila siku. Silikoni ya bei rahisi iliyopakwa juu ya vumbi na oksaidi haiwezi kufuata mwendo huo, inaachia kwenye ukingo, na ufa wake hauonekani kwa macho. Kibaya zaidi, ikishaachia inabakiza utando wa mafuta ambao hakuna gundi nyingine inayoushika. Hata silikoni mpya haikamati vizuri juu ya silikoni ya zamani. Kwa hiyo kila tabaka jipya linapakwa juu ya kitu kisichoshikika.

Na sisi wa kanda ya kati tuna shida ya pekee: mvua zetu zinaanza kama Desemba na kuishia Aprili. Miezi mingine yote unaamini umemaliza kazi, huku jua linafungua viungo polepole. Mvua ya kwanza ndiyo inakupa majibu.

Nilijaribu mpira wa bomba, kama wote tunavyofanya: anza chini, panda juu taratibu, mwenzako akiwa ndani na tochi. Njia hiyo ni nzuri kwa madirisha. Kwa paa lenye mbao zilizokwisha kunywa maji haifai, kwa sababu mbao zinaendelea kudondosha muda mrefu baada ya kufunga bomba, na hujui tone hili ni la sasa au la saa nzima iliyopita.

Jibu nililipata nikiwa nimekaa kwenye benchi kwa fundi wa pancha, barabara ya kwenda Bahi. Fundi wa pancha anajaza upepo, anapaka sabuni nje, anasubiri povu. Sisi tunahangaika kusukuma maji yaingie, wakati hewa ikisukumwa itoke inakuonyesha tundu papo hapo.

Tatizo ni kwamba kampa ya paa la kunyanyuka haishiki upepo. Turubai linapumua, na paa likishushwa kuna mwanya kuzunguka bodi nzima. Wenye karavani za bodi ngumu wanaziba madirisha na kuwasha feni, basi. Mimi nilinyanyua paa, nikachukua nailoni nyeusi nzito ya kujengea, ile inayotandazwa chini ya zege, nikaibandika kwa selotepu pana kuzunguka ukingo wa ndani wa paa, juu ya mahali turubai linapoanzia. Paa likawa boksi lililofungwa, limetengana na turubai. Dari nilikuwa nimeshaling'oa, kwa hiyo hewa inafika kwenye kila skrubu. Nikatoboa nailoni, nikaingiza mdomo wa blowa (mashine ya kupuliza hewa), nikawasha kwa kasi ya chini. Msifungulie yote, selotepu itabanduka! Nailoni ikavimba kuelekea chini, nami nikapanda ngazi na chupa ya kupulizia yenye maji na sabuni ya vyombo.

Kidirisha cha paa: kimya. Pembe ya mbele kushoto, ile niliyoilaani muda wote: kimya. Nikaendelea kupuliza kurudi nyuma, hadi kwenye mguu wa mwisho wa keria, upande wa kushoto, kama mita mbili kutoka mahali tone linapoangukia. Povu dogo jeupe likaanza kukua pembeni ya kichwa cha skrubu, likapasuka, likakua tena. Nikapiga kelele hadi majirani wakatoka.

Skrubu ya keria ilitobolewa moja kwa moja kwenye skwea paipu ya alumini inayoshikilia paa kutoka nyuma hadi mbele. Paipu iko wazi ndani. Maji yanaingia nyuma, na kwa kuwa gari huegeshwa uani likiangalia mteremko, yanasafiri ndani ya paipu hadi mbele na kutokea kwenye ncha, juu ya kitanda. Hakuna alama yoyote katikati. Skrubu zenyewe zilikuwa za chuma cha kawaida, na chuma kikikaa na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa: nilipozitoa, matundu yalijaa unga mweupe na yalikuwa yamepanuka kuliko skrubu.

Kusafisha ndiyo kazi iliyonimaliza mgongo. Tumieni skrepa ya plastiki, si ya chuma. Ya chuma inachana alumini, na kila mkwaruzo ni njia ya maji ya kesho. Baada ya skrepa, msasa laini, kisha asetoni kwa kitambaa safi, ukigeuza kitambaa kila unapofuta. Chini ya miguu ya keria nimeweka utepe wa butili (mpira laini unaonata), ambao nimeutoa Dar kwa basi kwa sababu hapa mjini nimeukosa. Butili haikauki, inabaki laini, inakwenda na bati likitanuka. Nimefunga bolti za stenlesi zenye washa pana za mpira, nikazungushia Sikaflex (gundi ya kuziba viungo) kwenye kingo, na ncha za paipu nimeziacha wazi ili unyevu uliobaki utoke. Kisha blowa na sabuni tena. Hakuna povu.

Wiki hii nilipanga kufunga betri na paneli ya sola. Nimeahirisha. Wakati blowa inafanya kazi niligundua kwamba vumbi lote jekundu lililokuwa kwenye mianya ya paa lilikuwa linarushwa nje, halikuingia hata chembe. Anayeijua njia ya vumbi kuelekea Swaga Swaga anajua ukifika unakuta shuka na sufuria zimekuwa rangi ya udongo. Gari likikimbia, nyuma yake panakuwa na mvuto unaoinyonya kampa, na vumbi linaingia kuziba nafasi hiyo. Sasa kama ndani kuna presha kidogo zaidi ya nje, vumbi litapita wapi?

Kwa hiyo nimenunua boksi la kichujio cha hewa la Hilux iliyokatwa, na feni ya volti 12 ya kupulizia hewa ndani ya gari. Boksi litakaa mbele, juu ya kabini, mahali hewa ni safi kuliko nyuma. Leo nimekata tundu la inchi 3 kwenye ukuta wa mbele. Butili bado ninayo ya kutosha.