Kwenye Toyota GX100 ya zamani chukua bampa la mtumba, hata lililopasuka

Ngoja niliseme hili mapema ili asiyependa kusoma marefu aondoke nalo. Ukiwa na gari ya zamani na unataka kubadili bampa, achana na yale mapya ya kopi yanayong'aa ndani ya nailoni. Tafuta la mtumba lililovuliwa kwenye gari kama yako, hata kama limepasuka, hata kama ni la kijani na gari yako ni nyeupe. Mpasuko unazibika, rangi inapigwa, ila umbo likishakuwa la uongo hakuna fundi wa kulinyoosha. Hapa Tanga nayaona kila siku, bampa jipya kabisa limepigwa skrubu za mbao pale pembeni kwenye fenda na bado kuna pengo linaingia kidole, mwenye gari anakwambia fundi ndio mbovu. Wala, fundi kafanya alichoweza.

Gari ninayoizungumzia ni Toyota Mark II GX100, zile za mwanzo. Ilikuwa ya mjomba wangu, kaiendesha miaka na miaka Sahare bandarini, bandarini Sahare, na mpaka anakuja kuniachia mimi injini ile 1G ya lita 2 haina neno, gia haina neno, ila bodi sasa, jamani. Bampa la mbele limeshonwa na waya wa kufungia nondo. La nyuma limeshindiliwa puti, ule ujazo wa kuzibia kabla ya rangi, mpaka limekuwa zito. Moldingi za milango, ile mikanda ya plastiki ya ubavuni, mbili hazipo na ya tatu imeshikwa na soltepu nyeusi. Nikimwambia, ananijibu "mwanangu, kwani bampa ndio linavuta gari?" Basi nanyamaza, mjomba habishaniwi, nikangoja siku iwe mkononi mwangu.

Sasa kuna jambo wauza spea wengi hawakwambii, GX100 sio moja. Toyota waliitoa 1996, halafu 1998 wakaigusa uso, wakabadili taa za mbele, sho (ile grili ya katikati ya taa) na taa za nyuma, na hapohapo 1G ikaja na VVT-i, mfumo wa kubadili muda wa vali. Kwa hiyo kama uso umeshachezewa na waliokutangulia, fungua boneti usome juu ya injini kama pameandikwa VVT-i, hapo utajua yako ni ya kabla au ya baada, ilimradi injini yenyewe haijabadilishwa. Bampa, taa na sho viwe vya rika moja, ukichanganya ujue umeanza kuchonga. Na usidanganywe na habari za Chaser na Cresta, Toyota nyingine za ukoo huu, utaambiwa "hiyo inaingia kaka, ni gari moja hizo", ni kweli huko chini ni ndugu, wote ni X100, lakini kila mmoja na sura yake. Wanaotaka sura ya Chaser kwenye Mark II wanahamisha boneti, fenda, taa, bampa, kila kitu, sasa hiyo sio kubadili bampa tena, hiyo ni harusi.

Spea za gari hizi kwa hapa Tanga zipo kidogo kule Ngamiani, ila ukitaka kuchagua ni Dar tu, Ilala na Gerezani. Sikwenda mwenyewe, nikamtuma shemeji. Nikamwambia shem usinitumie picha ya mbele, mbele nitaona uzuri tu, geuza bampa unipigie mgongoni. Habari zote za bampa ziko mgongoni. Unaangalia masikio, zile sehemu zilizochomoza zenye matundu ambapo klipu na bolti zinakaa, juu kwenye sho, pembeni kwenye fenda na chini kabisa. Sikio moja likiwa limekatika utaishi nalo, yakikatika ya upande mzima muachie mwenyewe. Halafu unatafuta maandishi ya plastiki yaliyogongwa kwa ndani katikati ya vimshale viwili, PP (yaani polipropilini) au TSOP. Hiyo TSOP ni plastiki ya Toyota wenyewe, walikuja nayo 1991, na ni ya ukoo huohuo wa PP. Haya maandishi yana kazi, nitayarudia.

La kwetu lilikuwa na mpasuko wa kama shubiri chini ya taa ya fogi ya kushoto, masikio yote yapo, rangi fedha. Muuzaji akaanzia laki na nusu, shemeji akambana wakaelewana laki na ishirini, pamoja na povu la ndani na vishikizo vya pembeni. Nasisitiza vishikizo. Ni vile vipande vyembamba vya plastiki vinavyofungwa kwenye fenda, bampa linaingia kwa kuteleza linakamata, na ndivyo vinavyofanya pale bampa linapokutana na fenda paonekane pamenyooka. Mafundi wengi wakivua bampa kwa haraka vinakatika, wanatupa, halafu ndio unaona skrubu. Ukinunua bampa bila vishikizo umenunua nusu.

Kulisafirisha nako kuna maneno yake. Gari hii ina upana wa milimita 1,755, kwa hiyo bampa nalo linakaribia mita moja na robo tatu, kwenye buti la basi linaingia ila wakilirundikia magunia juu litafika Tanga limepinda. Shemeji alilivika maboksi na kumpooza konda kidogo, likapakiwa la mwisho juu ya mizigo yote, likashuka stendi ya Kange halina hata mkwaruzo mpya.

Kuvua la zamani sasa, hapa ndio bahari inakuonyesha kazi yake. Sisi watu wa pwani chumvi tunaivuta na hewa, na bolti nazo zinaivuta. Bolti za Toyota nyingi ni za spana namba 10, ndogo, ukizilazimisha zinakatika vichwa unabaki na kisiki. Fundi wangu ni kijana wa Makorora, mtulivu mpaka anaudhi, jioni alizipulizia WD-40 akaniambia "kaka leo tunalala, kesho zitatoka zenyewe" na kweli asubuhi zilitoka, moja tu ndio ilileta kiburi ikabidi itobolewe na drili. Klipu hakuzivuta. Alikuwa anaingiza bisibisi bapa chini ya kile kichwa kidogo cha katikati, anakiinua kama nusu sentimita, anasubiri klipu inywee, ndio anaitoa na vidole. Ya kwanza mpaka ya mwisho hivyohivyo, haongei. Zilizokufa tukanunua mpya, na kwenye klipu mimi kopi sina shida nayo.

Nyuma ya bampa tukakuta lile chuma la kukinga limeliwa kutu upande wa chini. Kuna watu wakifika hapa wanafunika tu kwa sababu halionekani, mimi naona ndio mahali pa kutumia hela kuliko rangi, maana ukigonga kitu chuma hicho na lile povu ndio vinapokea, plastiki ya nje ni urembo. Letu lilikuwa na kutu ya juujuu, likapigwa brashi ya waya, dawa ya kutu, redoksaidi (ile rangi nyekundu ya chini ya kuzuia kutu), likarudi. Lingekuwa limetoboka ningetafuta jingine.

Kwenye mpasuko ndio maandishi ya PP yanapofanya kazi. PP haishiki supagluu, haishiki gundi nyingi za dukani, utabandika leo kesho limeachia. Inachomelewa kwa moto, na kwa plastiki ya aina yake. Lile bampa la mjomba la zamani tulilikata vipande vyembamba vikawa ndio fimbo za kuchomelea, kwa hiyo bampa marehemu halikwenda bure. Kwa ndani fundi akazamisha wavu mwembamba wa chuma kwa pasi ya kulehemu, akafunika na plastiki iliyoyeyuka, kwa nje akafungua mfereji kidogo juu ya mpasuko akajaza, akapiga msasa. Puti alipaka nyembamba sana, tena ile ya plastiki. Puti ya bati ukiijaza kwenye bampa itapasuka tu, bati halichezi ila bampa linacheza, na ndio ugonjwa uliokuwa kwenye bampa letu la nyuma.

Kabla ya rangi, lifunge kwanza. Lifunge likiwa bovubovu hivyohivyo, na taa zake na sho yake, bolti zote zishike kidogo bila kukaza, halafu rudi nyuma hatua kadhaa uangalie mapengo ya kulia na kushoto, ndio uanze kukaza. Mzee wangu mmoja wa rangi pale Mikanjuni hapokei bampa ambalo halijajaribiwa, anakwambia "shikamoo nimeitikia mwanangu, sasa nenda kalifunge uone, ukirudi tutaongea". Nampenda kwa hilo.

Rangi yenyewe sitaongea sana. Namba ipo kwenye kibati ndani ya boneti, pameandikwa C/TR, yetu ni 040, nyeupe ya Toyota inayojulikana. Lakini nyeupe ya miaka 20 na zaidi juani sio nyeupe tena, ukichanganyiwa kwa namba tu bampa litawaka kuliko gari. Ng'oa kifuniko kidogo cha tundu la mafuta upeleke dukani wachanganye kwa macho. Na kabla ya rangi lazima praima ya plastiki, ile ya kushikisha, wakiiruka kuokoa hela kidogo ujue ukipita tu mashine ya kuosha gari yenye presha rangi inabanduka vipande vipande.

Kazi niliyoipenda kuliko zote ni moldingi za milango, na hii nilifanya mwenyewe uani. Moldingi zimekaa kwa gundi ya pande mbili, ukizing'oa kwa bisibisi unakunja moldingi na unachubua mlango. Nilipita Deep Sea kwa wavuvi nikanunua mshipi wa kuvulia, nikamwagia maji ya moto kwenye moldingi gundi ilainike, nikapitisha mshipi kwa nyuma nikawa nauvuta huku na huku, unakata gundi taratibu kutoka mwisho mmoja mpaka mwingine. Vijana wa jirani wakadhani nimerukwa na akili, nakeketa mlango wa gari kwa mshipi. Chini yake kulikuwa na mchanga, chumvi iliyoganda na vidoti vya kutu ambavyo usingevijua miaka yote. Mabaki ya gundi yanatoka kwa mafuta ya taa na kitambaa, ila baada ya hapo futa na spiriti, mafuta yakibaki gundi mpya haishiki. Piga mstari kwa tepu ya karatasi ili ifuatane na ya mlango wa pili, bandika, gandamiza kwa nguvu, halafu usiioshe gari angalau masaa 24, ukiweza siku tatu ndio vizuri zaidi.

Mjomba alipoiona aliizunguka, akapiga bampa kwa kiganja, akauliza "hii umenunua shilingi ngapi?" Nikamtajia. Akaguna, akaingia kiti cha mbele akasema nimpeleke sokoni, na njiani akanikumbusha kwamba la nyuma bado lina puti yake.

La nyuma ndio linafuata. Taa za nyuma ninazo za rika lake, chuma cha ndani kizima, nimekosa bampa lenyewe, yote niliyotumiwa picha mpaka sasa masikio yamekwisha au ni ya baada ya 1998. Mwenye la GX100 ya mwanzo, rangi yoyote, limepasuka sawa tu, anitumie picha. Ya mgongoni.