Siku moja maishani mwangu: fundi spika na ile fa ya Mzee

Saa 11:40 alfajiri

Begi nililipanga jana usiku: futi, bisibisi, plaizi, roli ya waya wa milimita 2.5, betri moja ndogo ya tochi, maiki ya kupimia, kompyuta mpakato na kioo cha kunyolea. Hicho kioo watu wakikiona hudhani fundi ni mtanashati. Kazi yake mtaiona mbele.

Natoka Temeke, kazi iko Sinza. Dogo ninayefanya naye kazi ananingojea Buguruni, tunabanana kwenye daladala mpaka Ubungo, maiki nimeipakata kama mayai. Konda anauliza kama ni mtego wa panya.

Saa 2:15 asubuhi

"Shikamoo Mzee."

"Marahaba fundi. Mmefungua kinywa?"

Nyumba hii huingii kazini bila chai. Mama ameshaweka chapati mezani, na mjukuu wa miaka minne ameshajua kufungua begi langu.

Mzee alipiga gitaa la besi kwenye bendi za dansi, akarekodi nazo pale Radio Tanzania. Mtoto wa mwisho alipooa na kuhama, chumba chake kikawa cha muziki: kabati la santuri, kanda, amplifaya, spika mbili za kuweka kwenye stendi, na sabufa mbili pacha alizotumiwa na mwanawe aliyeko Marekani. Naposema sabufa nazungumzia lile boksi moja la besi tu. Mtaani kwetu neno hilo limekuwa jina la seti nzima na rimoti yake, ndiyo maana nikiitwa "kufunga sabufa" huwa nauliza kwanza.

Moja inafanya kazi. Ya pili bado imo kwenye katoni.

"Kuna noti moja inanizomea," anasema Mzee. "Nikikaa kwenye kiti changu pale ukutani, fa inanguruma kama lori. Nikivuta kiti katikati ya chumba, fa hiyohiyo haipo. Na ile besi nimeipiga mwenyewe, fundi. Najua niliipiga."

Wateja wengi huniambia "besi haitoshi" au "ongeza wati". Huyu amenitajia noti. Chai ilinishuka vizuri.

Kabla ya kugusa chochote naigeuza ile sabufa ya kwenye katoni nisome mgongoni: volti 120, hezi 60. Umeme wetu ni volti 230. Mwaka wangu wa kwanza kwenye ufundi nilichomeka kitu cha namna hii bila kusoma. Kilitoa moshi kabla hakijatoa sauti, nikalipa kidogokidogo kwa miezi minne. Ile inayofanya kazi imepitishwa kwenye transfoma ya kushusha umeme, ila transfoma yenyewe haitoshi kubeba mbili. Dogo anapanda bodaboda kwenda Kariakoo kutafuta nyingine. Namsisitizia asome kibandiko na aipime uzito mkononi, maana kibandiko kinaweza kusema lolote na shaba haidanganyi. Ziko redio zimeandikwa wati 10,000 ubavuni, wakati soketi ya ampea 13 kwa volti 230 haifikishi hata wati 3,000. Hizo nyingine sijui zinatoka kwa jini gani.

Saa 3:30

Navuta futi. Urefu mita 4, upana mita 3 na senti 40, dari mita 3. Kuta za tofali, sakafu ya vigae, dirisha la alumini, dari ya jipsamu. Napiga kofi moja katikati ya chumba, linanijibu mara nne, tatatata, kama fimbo iliyopitishwa kwenye nondo za dirisha. Kwenye nyumba zetu hizi sauti haina pa kuzama. Ukuta wa mbao ungeruhusu besi ipenye iende zake. Wa tofali unairudisha ndani.

Halafu nafanya hesabu kwenye kipande cha katoni, Mzee kasimama begani kwangu. Kwa joto la Dar, tuseme nyuzi 30, sauti inakwenda karibu mita 349 kwa sekunde. Chumba cha mita 4 kinashikwa na wimbi ambalo nusu yake inaenea urefu huo sawasawa, kwa hiyo 349 unaigawa kwa 8. Unapata hezi 43.6, yaani mitetemo 43.6 kwa sekunde.

"Na fa ya chini kabisa ya gitaa la besi, ile ya uzi mnene, ni hezi 43.65."

Mzee alinitazama, akakitazama chumba. "Kwa hiyo chumba changu kimetyuniwa fa."

Ndivyo. Wimbi hilo linajazana kwenye kuta mbili za mwisho na kufa katikati. Akiegemea ukuta wa nyuma analipata lote, akisogea katikati anakaa pale pale linapojifuta. Sikio lake lilikuwa limeshafanya kazi ya maiki yangu.

Saa 4:20

Tunahamisha kiti. Huu ndio ugomvi mkubwa wa kila nyumba, kwa sababu kiti ukutani kinapendeza macho na kinaharibu masikio. Nakiweka mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma. Mama anapita mlangoni, anaangalia, anasema, "Sasa kiti kimesimama kama kinasubiri daladala." Anaendelea na safari yake.

Spika nazisogeza mbele senti 70 kutoka ukutani na kuziachanisha mita 2.1. Kutoka kila moja hadi kichwani kwa Mzee ni karibu mita 2.2, hivyo pembetatu inakaribia kuwa na pande sawa. Twita, ile spika ndogo ya sauti nyembamba, inatakiwa ilingane na sikio, na Mzee si mrefu, kwa hiyo napunguza stendi. Nazigeuza kidogo zimtazame.

Tunawasha. Mwimbaji, ambaye alitakiwa asimame katikati ya spika, anaelea kama yuko chumba cha pili, na besi imekonda. Naijua hali hii. Nachomoa waya za spika ya kushoto nyuma ya amplifaya na kuigusisha betri: koni, ule utando wa spika unaotetemeka, inarudi ndani badala ya kutoka nje. Chanya na hasi zimepishana, spika moja inasukuma hewa wakati mwenzake anavuta. Nimezifunga mwenyewe asubuhi hii, na dogo yuko Kariakoo, kwa hiyo sina wa kumsingizia.

Saa 5:30

Sasa kutambaa. Hii njia inachekesha ila sijaona inayoishinda kwa bei, maana ni bure. Badala ya kuhamisha sabufa nzito huku na huku, unaiweka juu ya kiti cha msikilizaji, unapiga besi inayojirudia, halafu wewe unatambaa kando ya kuta ukisikiliza. Pale besi inaposikika laini, ndipo sabufa itakapokaa. Sauti haijali nani kakaa wapi. Ukibadilishana nafasi na spika, njia kati yenu ni ileile.

Nilikuwa magotini pembeni ya kabati la santuri, mjukuu kanifuata nyuma naye anatambaa, Mama alipoingia na maji ya kunywa. Hakuuliza kitu. Aliweka maji chini, usawa wetu.

Kwenye kona zote nne ni kishindo kisichochagua noti. Kona inaipa besi nguvu ya bure, na wengi hununuliwa na ile nguvu. Katikati ya ukuta wa mbele ni safi zaidi, ingawa fa bado inachungulia.

Saa 7 mchana

Wali, maharage, mchicha, kipande cha nguru. Dogo amerudi na transfoma nzito kweli. Amekula mara mbili.

Saa 8:10

Umeme umekatika. Jenereta ya jirani ikawaka, na ule mngurumo ungeniharibia vipimo vyote hata kama ningekuwa na umeme. Tukahamia kazi za mikono.

Kioo cha kunyolea sasa. Mzee anakaa kitini, dogo anakiteleza ukutani usawa wa masikio. Pale Mzee anapoiona twita ndani ya kioo, ndipo sauti inapogonga ukuta na kumrudia. Tunaweka alama ya chaki. Mama alikuwa na godoro la zamani la sufi stoo. Tumelikata, tukalishonea vitambaa viwili vya vitenge alivyochagua yeye, tukavitundika kwenye alama. Hakuzungumzia tena kiti. Zulia zito limetandikwa kati ya kiti na spika, kabati la santuri limeburutwa nyuma ya kiti, pembeni, liivunjevunje sauti inayorudi. Nikapiga kofi tena: pa. Moja.

Sufi haitasaidia kwenye fa, nilimwambia Mzee mapema asije akanidai. Wimbi la hezi 43 lina urefu wa mita 8. Godoro kwake ni kama chandarua mbele ya basi.

Saa 10:25

Umeme umerudi. Nafunga sabufa ya pili katikati ya ukuta wa nyuma, ikitazamana na ile ya mbele, zote zikiwa na sauti sawa na zikisukuma pamoja. Wimbi la urefu wa chumba linataka ukuta mmoja ukisukuma mwingine uvute. Ukiziba kila upande na sabufa, zote zinasukuma kwa wakati mmoja, wimbi linakosa pa kushika. Na kwa kuwa ziko katikati ya ukuta, hata lile wimbi la upana wa chumba haziliamshi. Todd Welti wa kampuni ya Harman aliyapanga haya vizuri kwenye utafiti wake wa mwaka 2002. Mimi niliyajua kwa kuhangaika, nikafurahi kukuta yameandikwa.

Namwekea Mzee muziki, anageuka nyuma. "Besi iko mgongoni kwangu." Krosova, ule mpaka ambao chini yake sauti inakwenda kwenye sabufa, nilikuwa nimeiacha hezi 120. Naishusha hadi 80, ambako sikio halijui tena sauti inatoka upande gani. Anaacha kugeuka.

Maiki inathibitisha. Asubuhi, kiti kikiwa ukutani, fa ilisimama desibeli 11 juu ya majirani zake. Sasa 3.

Nikapandisha mlio polepole kutoka hezi 20 hadi 200 kusaka vinavyotetemeka. Kioo cha dirisha, kipande cha gamu. Skrubu mbili za dari. Fremu ya picha ya harusi, ambayo dogo aliibandikia sponji nyuma kwa adabu kubwa.

Saa 12:15 jioni

Mzee amechagua kanda mwenyewe. Hakutaka kwanza kusikia kitu kipya. Anakaa, mkono wa kushoto unafanya kazi hewani, kidole cha kwanza kinashuka kila fa inapopita. Inapita. Inafuatwa na noti ya si bemoli, inarudi, zote kimo kimoja. Dogo ameacha kukunja waya.

Katikati ya wimbo, gitaa zikiwa zimeshika kasi, mkono wa Mzee ukasimama. Akarudisha kanda nyuma. Akasikiliza tena.

"Pale nilichelewa kuingia," akasema. "Miaka yote hii nilidhani hakuna aliyesikia."

"Mimi nilisikia siku ileile redioni," Mama akajibu kutoka jikoni.