Ua la mkeka kwenye kigasha: nilipofikia

Jumatatu. Harusi ya mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, imebaki wiki mbili, na hina ya mikono nimeahidi kumchora mimi. Maua ya kawaida hayataki. Anataka kashata, yale maua ya pembe nne yenye umbo la kipande cha kashata, zilizopangwa safu, kama kwenye mkeka wa bibi pale Wete, Pemba. Nimefurahi mno, maana ua lile nimelilalia tangu utotoni.

Kwenye karatasi likatoka zuri. Nikakata utepe, nikamzungushia kigashani, baina ya kiwiko na kifundo cha mkono: ncha hazikukutana, moja imepanda, nyengine imeshuka. Nikapima. Chini ya kisugudi, yaani kiwiko, sentimita 23, kifundoni 15. Mkono si bomba, unachongoka.

Alhamisi. Nimekwenda kwa shangazi, msuka ukili wa mikeka. Nilidhani ataniambia nipunguze idadi ya kashata kadiri ninavyoshuka. Akachukua mwaa mmoja, jani la kusukia, akauchana kwa ukucha, akauchana tena.

"Hesabu usiiguse, mwanangu. Miyaa ikiwa myembamba, ua ni lile lile, linatoka dogo tu."

Basi ni kashata 6 kuzunguka mkono, kila safu. Juu kila moja ina upana wa sentimita 3.8 hivi, kifundoni 2.5. Zinateremka zikisinyaa, na ncha zinakutana.

Jumamosi. Nimejaribu kwa kalamu ya wino. Mdogo wangu aliweka mkono mezani, kiganja juu, na mstari wa katikati ukanyooka kama uzi. Alipogeuza kiganja chini, mstari ule ulijisokota karibu na kifundo, ilhali kule juu karibu na kisugudi haukusogea. Mifupa miwili ya kigasha hupishana mkono unapogeuka, na ngozi huifuata. Bibi harusi atakaa mikono mapajani, viganja chini, kwa hiyo nitamchora akiwa amekaa vivyo hivyo. Mstari mrefu nimeufuta. Kifundoni nimeweka pete mbili za kuzunguka, kwani pete hata mkono ukigeuka inabaki pete. Juu naishia vidole vitatu kabla ya kisugudi, ngozi inapoanza kujikunja.

Aliomba piko, apate weusi. Nimekataa. Mwaka juzi nilipakwa piko iliyochanganywa na rangi ya nywele, nikatoka malengelenge, na kovu limefuata mchoro mpaka leo, jani kwa jani. Siwezi kumtia mdogo wangu katika hatari hiyo.

Jumapili. Hina ya unga, ndimu na sukari kidogo, imelala usiku mzima. Ngozi ya kigasha ni nyembamba, haishiki rangi kama kiganja, kwa hiyo mistari nimeinenepesha na kashata moja baada ya nyengine nimeijaza. Nimejipaka tatu mkono wa kushoto, nikakaa nazo saa sita bila kugusa maji, kisha nikazikwangua. Sasa hivi ni rangi ya chungwa. Jumanne zitakuwa zimeiva, ndipo nitakapojua kama mistari ya pembeni inatosha unene.